Kioo cha Mbele cha Pikipiki na Upepo Unaotikisa Kichwa

Kioo cha mbele cha pikipiki hufungwa ili kumkinga dereva na upepo, mvua, vumbi na wadudu, lakini mara nyingi huleta taabu ambayo haikuwapo kabla hakijafungwa. Kifua hutulia, mikono hupumzika, na papo hapo kichwa huanza kupigwa. Helmeti hutikiswa huku na huku kwa mapigo ya haraka, macho hushindwa kusoma vizuri kibao cha barabarani, masikio hujaa ngurumo, na baada ya saa moja au mbili shingo huwa imekakamaa. Upepo wa namna hii si lazima uwe na nguvu kuliko ule unaompiga dereva asiye na kioo. Kinachochosha mwili ni kwamba hautulii. Upepo unaovuma moja kwa moja, hata ukiwa mkali, shingo huuzoea na kuuegemea. Msukosuko hauegemeki, kwa sababu kila misuli inapojiandaa kuupokea upande mmoja, unakuwa umeshahamia upande mwingine.

Nguvu ya upepo hukua haraka kuliko mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kanieneo ya hewa inayomgonga dereva huongezeka mara nne. Kwa kilomita 50 kwa saa, hewa ya usawa wa bahari huusukuma uso ulio wima kwa paskali zipatazo 115. Kwa kilomita 100, kipimo hicho hufika takriban 460. Dereva aliyeketi wima, ambaye kifua, mabega na kichwa chake vimekabili upepo kwa eneo la nusu mita ya mraba hivi, akiwa kwenye mwendo wa kilomita 100 husukumwa kama aliyeegemewa na mzigo wa kilo 20 na ushei. Ndiyo maana anayebeba abiria mitaani kwa mwendo wa 30 au 40 huenda asijue kabisa kwamba shida hii ipo, hata kama pikipiki yake ina kioo kikubwa. Wanaoijua ni wale wanaotoka nje ya mji na kukaa kwenye 80 au 100 kwa muda mrefu: wasafiri wa masafa, askari wa doria za barabara kuu, wapeleka vifurushi kati ya mji na mji.

Ili kuitibu, kwanza ieleweke inatokea wapi. Hewa inayokuja mbele ya pikipiki haiwezi kupenya kioo, hivyo hupanda juu yake na nyingine hutawanyika pembeni. Ikifika kwenye ukingo wa juu, huachana na kioo na kuendelea kurudi nyuma kwa kasi, na hapo ukingoni kasi yake huweza hata kuuzidi mwendo wa pikipiki, kwa kuwa imebanwa na kulazimika kupita upesi. Nyuma ya kioo, sentimita chache chini ya mkondo huo, kuna hewa nyingine ambayo karibu imesimama. Matabaka hayo mawili hugusana, moja likikimbia na jingine likiwa limetulia. Hermann von Helmholtz mwaka 1868, na Lord Kelvin mwaka 1871, walionyesha kwamba mpaka wa namna hiyo hauwezi kudumu umenyooka. Kila wimbi dogo linalotokea juu yake hukua, hujikunja, na kugeuka kisulisuli.

Aliyewahi kusimama juu ya daraja na kutazama mto uliofurika ukipita kwenye nguzo amekwisha kuliona jambo hili kwa macho: maji hujikunja nyuma ya nguzo, mara kushoto, mara kulia, na kila kizingo hubebwa na mkondo kabla kingine hakijazaliwa. Theodore von Kármán alilifanyia hesabu jambo hilo mwaka 1911 alipokuwa Göttingen, Ujerumani, na safu mbili za visulisuli vinavyopishana nyuma ya kizuizi zinaitwa kwa jina lake hadi leo. Miaka zaidi ya 30 kabla yake, mwaka 1878, mwanafizikia wa Kicheki Vincenc Strouhal alikuwa amepima mlio wa nyaya zinazovuma katika upepo, akapata uhusiano rahisi kati ya mwendo wa hewa, upana wa kizuizi na idadi ya visulisuli vinavyozaliwa kila sekunde. Uhusiano huo ukitumiwa kukadiria kioo chenye upana wa sentimita 40 kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, hupatikana mapigo kama 10 hadi 14 kwa sekunde. Mtikisiko wa kiwango hicho macho hayawezi kuufidia kikamilifu, na ndiyo sababu dereva huona maandishi ya mbali yakicheza.

Jambo la pili linalotokea nyuma ya kioo ni ombwe. Hewa iliyosukumwa kando haijarudi, kwa hiyo kanieneo ya eneo lililo mbele ya kifua cha dereva hupungua, na hewa ya jirani hukimbilia kuziba pengo hilo. Mkondo unaopita juu ya kioo hupindishwa chini na kuangukia helmeti. Hewa ya chini, ile inayopita kati ya shoki za mbele na tangi, huvutwa juu na kupiga kidevu. Hata hewa iliyo nyuma ya dereva hurudi mbele kwa kuzunguka mabega, na wengi wameihisi bila kuitambua: ni ule msukumo wa ajabu mgongoni, kana kwamba upepo umegeuka na kuvuma kutoka nyuma.

Kutokana na hayo mawili, kuna mahali patatu ambapo kichwa kinaweza kuwa. Kinaweza kuwa juu kabisa ya mpaka wa matabaka, katika hewa safi inayokwenda moja kwa moja. Kinaweza kuwa chini yake, katika hewa iliyotulia. Au kinaweza kuwa ndani ya mpaka wenyewe, kwenye njia ya visulisuli. Hapa pa tatu ndipo pabaya, na kwa bahati mbaya ndipo vioo vingi vya ukubwa wa wastani vinapompeleka dereva wa kimo cha wastani. Kiwanda hutengeneza kioo kimoja kwa ajili ya watu wa vimo vyote, na tofauti ya sentimita tano kati ya madereva wawili hutosha kumfanya mmoja asafiri kwa raha na mwingine ateseke juu ya pikipiki ileile. Hivyo hakuna kioo kinachofaa watu wote, na sifa anazozitoa jirani juu ya kioo chake zina maana ndogo kwa mtu aliyemzidi urefu au anayeketi kwa namna nyingine.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba dawa ya upepo ni kuongeza plastiki. Kioo kirefu zaidi na kipana zaidi huzaa ombwe kubwa zaidi na visulisuli vikubwa zaidi. Kinaweza kusaidia kama kinauvusha mpaka wa matabaka juu ya helmeti nzima, lakini kama kinauinua kutoka kifuani hadi kwenye paji la uso tu, kimeigeuza hali iliyokuwa inavumilika kuwa adhabu. Watengenezaji wenyewe walichukua muda kuyajua haya. Moto Guzzi ya Italia ilijenga handaki la upepo huko Mandello del Lario mwaka 1950, ikapima ndani yake pikipiki nzima pamoja na mpandaji wake. Shabaha yake ilikuwa mashindano na kasi, si starehe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani Craig Vetter aliwauzia wasafiri wa masafa gamba kubwa la mbele lililoitwa Windjammer, ambalo liliweza kufungwa kwenye pikipiki za aina nyingi. Mwaka 1976 BMW ilitoa R100RS, ambayo gamba lake lilichongwa kwa vipimo vilivyopatikana katika handaki la upepo la Pininfarina.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa Harley-Davidson. Gamba lake mashuhuri lenye umbo la popo aliyetandaza mabawa lilianza mwaka 1969 kwenye Electra Glide, na kwa miongo mingi wanaolitumia walilalamikia kutikiswa kichwa. Wengi walijaribu kulitibu kwa vioo vya urefu mbalimbali. Kampuni ilipolisanifu upya kwa ajili ya pikipiki za mwaka 2014, badiliko kubwa lilikuwa tundu: mlango mdogo chini ya kioo, ambao dereva huufungua kwa kidole, unaoruhusu hewa kuingia nyuma ya gamba. Hewa hiyo hupunguza ombwe, ombwe likipungua mkondo wa juu hauanguki tena kwa nguvu, na kichwa hupumzika. Kwa maneno mengine, upepo uliachiwa upenyo badala ya kuongezewa ukuta. Anayeelewa tundu lile ameelewa sehemu kubwa ya somo hili.

Kabla ya kununua chochote, inafaa kuhakikisha kwamba kioo ndicho chenye hatia. Njia fupi ni kukifungua kabisa na kwenda barabara ileile, kwa mwendo uleule, siku isiyo na upepo mwingi. Kama msukosuko unaondoka na kubaki upepo mzito lakini ulionyooka, chanzo kimepatikana. Kama mtikisiko unabaki, uchunguzi uelekezwe kwenye gurudumu lisilo na mizani, beringi za usukani zilizolegea, tairi lililolika upande mmoja, au helmeti yenyewe. Kioo kikisharudishwa, dereva anaweza kuutafuta mpaka wa hewa kwa mwili wake. Akijiinua kidogo kutoka kwenye siti, akisimama juu ya vikanyagio kwenye barabara iliyonyooka na tupu, atafika mahali ambapo kelele hubadilika ghafla na mtikisiko hukoma. Hapo kichwa kimeingia kwenye hewa safi. Akijikunyata chini, atafika mahali pengine ambapo kila kitu kinanyamaza. Umbali kati ya sehemu hizo mbili ndio unene wa msukosuko, na humwonyesha kama iliyo karibu zaidi na kichwa chake ni njia ya kukishusha kioo au ya kukipandisha. Mkono wa kushoto ukipitishwa polepole juu ya ukingo na pembeni mwa kioo huhisi mipaka hiyohiyo. Nyuzi fupi za sufu zilizobandikwa kwa selotepu kwenye kioo, kwenye vioo vya pembeni na kwenye tangi hueleza mengi zaidi: unaolala umenyooka uko kwenye hewa safi, unaocheza uko kwenye msukosuko, na unaoelekea mbele umeonyesha hewa inayorudi mbele kuziba ombwe. Kuzitazama si kazi ya anayeendesha. Mwenzake aliye kwenye pikipiki ya pembeni, au kamera ndogo iliyofungwa vizuri, ndiye afanye kazi hiyo.

Anayechagua kushusha kioo huwa amekubali upepo uguse mabega na helmeti na uzuiwe kifuani tu. Kwenye nchi ya joto uchaguzi huu una faida ya ziada, kwa sababu hewa hupoza mwili na kuingia kwenye matundu ya helmeti. Wengi wanaohangaika na vioo virefu hupata nafuu kubwa kwa kufunga kifupi, na ni jambo la kusikitisha kwamba hili huwa la mwisho kujaribiwa. Anayechagua kupandisha hutafuta eneo tulivu lenye kukimeza kichwa kizima, na hapo kanuni inayofuatwa na watengenezaji wengi ni ukingo wa juu uwe usawa wa pua au mdomo wa dereva anapotazama mbele. Hewa inaporuka ukingoni hupanda zaidi kabla haijageuka, hivyo hupita juu ya helmeti ingawa kioo kinaishia chini ya macho. Kuishia chini ya macho kuna sababu nyingine isiyopuuzika. Kioo chenye matone ya mvua, vumbi au mikwaruzo, kikipigwa na taa za gari linalokuja usiku, hugeuka pazia jeupe. Dereva sharti aweze kutazama juu yake.

Mteremko wa kioo una uzito uleule wa urefu. Kilichosimama wima huirusha hewa juu zaidi, lakini huacha ombwe kubwa nyuma yake. Kilicholazwa nyuma huipitisha hewa kwa ulaini, lakini huishusha karibu na kichwa. Umbali nao unahesabika: visulisuli hukua kadiri vinavyosafiri kutoka ukingoni, hivyo kioo kilicho karibu na dereva humfikishia msukosuko mwembamba, na kilicho mbali, kama kwenye pikipiki ndefu za safari, humfikishia ulioiva. Wakati mwingine kinachotakiwa ni mabano yenye matundu kadhaa yanayoruhusu kukisogeza kioo nyuzi chache za pembe na sentimita chache za urefu. Fundi wa kuchomelea mwenye mkono mzuri anaweza kuyatengeneza. Kinachotakiwa ni subira: kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwenda barabara ileile, na kuandika matokeo. Anayebadilisha urefu, pembe na helmeti siku moja hatajua ni kipi kilichomsaidia.

Mwanya kati ya sehemu ya chini ya kioo na taa au gamba ni dawa inayostahili kujaribiwa mapema kuliko zote, kwa sababu ni rahisi. Washa nene za mpira, au vipande vifupi vya bomba, vikiwekwa kwenye bolti kati ya kioo na mahali kinapofungwa, hukisogeza mbele kiasi cha sentimita moja hadi tatu. Hewa hupita kwenye mwanya huo, hupanda kwa upande wa ndani wa kioo, na kulishibisha ombwe. Bolti ndefu zaidi zitahitajika, na zikazwe kwa kiasi, kwa kuwa plastiki iliyobanwa kupita kiasi hupasuka kuanzia kwenye tundu.

Ukingo wa juu nao unaweza kurekebishwa. Kipande kidogo kinachofungwa juu ya kioo, chenye mwanya kati yake na kioo, huigawa hewa katika mikondo miwili na kuufanya mpaka wa matabaka usiwe wa ghafla. Viwanda kama MRA cha Ujerumani na Givi cha Italia huuza vipande vya aina hiyo vinavyosogezwa juu na chini. National Cycle ya Marekani ilikwenda njia nyingine, ikapinda sehemu ya juu ya vioo vyake kwa umbo linalokaribia V, ili visulisuli vipelekwe nje na mbali na helmeti. Kukata kioo ni hatua ya mwisho kwa sababu hairudishiki. Anayekata hutumia msumeno wenye meno madogo, hubandika utepe wa karatasi kwenye mstari ili kuzuia mikwaruzo, hupunguza sentimita mbili au tatu kisha hujaribu tena, na humalizia kwa msasa laini hadi ukingo usiwe na ncha. Ukingo wenye makali humjeruhi dereva anayeanguka mbele.

Upepo wa chini husahaulika kuliko wote. Madereva wamebadilisha vioo vitatu vinne bila nafuu, kumbe hewa iliyowapiga kidevuni ilitoka kati ya shoki za mbele, ikapanda juu ya tangi na kuibukia kifuani. Jaribio lake ni jepesi: dereva, akiwa katika mwendo wa kawaida kwenye barabara tupu, huweka mkono wa kushoto juu ya tangi, mbele ya tumbo, kiganja kikielekea chini. Kama hewa inausukuma mkono kwenda juu, chanzo ni hicho. Kipande cha turubai au plastiki laini kikikatwa kwa umbo la pembetatu na kufungwa kati ya shoki, chini ya taa, huiziba njia hiyo. Hapa tahadhari ni kubwa. Kipande hicho kisiguse gurudumu shoki zinapobonyea, kisibane waya za breki na klachi usukani unapokatwa kushoto na kulia hadi mwisho, na kisizibe rejeta au mapezi ya injini inayopozwa kwa hewa.

Pembeni, hewa hukatwa na vioo vya nyuma, vikinga mikono na ncha za usukani. Mabawa madogo ya plastiki chini ya vioo vya pembeni huweza kuusukuma mkondo nje ya mabega, ingawa nafuu yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ile ya mwanya au urefu sahihi.

Mahali kioo kinapofungwa si suala la starehe tu, ni la usalama. Kilichofungwa kwenye gamba lililoshikwa na fremu hupeleka nguvu ya upepo kwenye mwili wa pikipiki. Kilichofungwa kwenye usukani huipeleka moja kwa moja kwenye uelekezaji, na kikiwa kikubwa, dhoruba ya pembeni au lori linalopishana na pikipiki huweza kuupindua usukani kidogo, au kuanzisha mtetemo unaokua kadiri mwendo unavyopanda. Pikipiki nyepesi za sentimita za ujazo 100 hadi 150 zinazobeba abiria Afrika Mashariki zina usukani mwepesi na gurudumu jembamba la mbele, na nyingi nchini Kenya hufungwa kioo kikubwa pamoja na mwavuli au paa la turubai. Kwa mwendo wa mjini mwavuli huo ni neema kwa jua na mvua. Nje ya mji mambo hugeuka: hewa inayoruka juu ya kioo hunaswa chini ya paa, hugongana na ile inayopita juu, na paa zima huvuta kwenda juu na nyuma, mbali juu ya kitovu cha uzito wa pikipiki. Hakuna marekebisho ya kioo yatakayoushinda msukosuko wa mwavuli. Anayekwenda masafa kwa mwendo mkubwa aukunje au auvue.

Baada ya pikipiki hubaki dereva mwenyewe. Siti ikishushwa au kuinuliwa sentimita tatu, kichwa kimehama sentimita tatu, na hiyo inaweza kutosha. Usukani ukisogezwa mbele kidogo mwili huinama na kukaribia eneo tulivu. Helmeti yenye pembe na kikinga jua kirefu, ya mtindo wa mashindano ya matope, hukamatwa na kila kisulisuli kinachopita, ilhali ya mviringo iliyo laini huviacha vipite. Inayolegea hutikisika hata upepo ukiwa mdogo, na dereva hulaumu kioo kwa kosa la sponji iliyochakaa. Koti lenye kola inayopepea na begi la mgongoni lenye mikanda mirefu nayo huongeza kelele na mapigo.

Kelele hiyo ni hatari inayostahili kuchukuliwa kwa uzito. Ndani ya helmeti, kwenye mwendo wa barabara kuu, sauti ya upepo huweza kufika desibeli 100 na zaidi, na miongozo ya afya kazini ya Marekani huhesabu kwamba desibeli 85 zinavumilika kwa saa nane, lakini 100 kwa dakika 15 tu. Watafiti wa vyuo vikuu vya Bath na Bath Spa, Uingereza, waliifunga helmeti kwenye kichwa cha sanamu ndani ya handaki la upepo, wakakuta kwamba sehemu ya chini ya helmeti, karibu na kidevu, ni chanzo kikubwa cha kelele inayolifikia sikio. Ukingo wa kioo unaotupa visulisuli hapo hapo kidevuni kwa hiyo hudhuru kusikia pamoja na shingo. Kitambaa kinachoziba mwanya kati ya shingo na helmeti hupunguza sehemu ya sauti hiyo, na vizibo vya masikio vya sponji, ambavyo bei yake ni ndogo, hulinda vizuri zaidi. Haviondoi msukosuko, lakini huzuia uharibifu usioweza kutibiwa.

Kioo kinachofaa leo kinaweza kuonekana kibaya kesho bila chochote kubadilika juu ya pikipiki, kwa sababu kinachohesabika ni mwendo wa hewa, si wa magurudumu. Barabara ya Nairobi kwenda Mombasa inaelekea kusini mashariki, na msimu wa kusi dereva hukabili upepo unaotoka upande huo. Akienda kilomita 90 kwa saa dhidi ya upepo wa 30, hewa humjia kwa 120, na kanieneo yake huwa imeongezeka kwa karibu asilimia 78. Zaidi ya hilo, Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Aliyepima kioo chake kwenye nyanda za juu atakiona kinatikisa zaidi anapoteremka. Malori nayo hubeba msukosuko wao nyuma yao kwa makumi ya mita, na anayelifuata moja kwa karibu hawezi kuhukumu kioo chochote. Majaribio yafanyike mbali na magari makubwa, asubuhi kabla upepo haujaamka. Palipo na haraka ya nafuu, kushuka kutoka kilomita 100 hadi 80 kwa saa huipunguza nguvu ya mapigo kwa asilimia 36 bila spana hata moja.

Kuhusu nyenzo, polikaboneti haivunjiki kirahisi na ndiyo inayofaa zaidi mahali penye kokoto zinazoruka, lakini hukwaruzika upesi kama haikupakwa tabaka la kinga, na huharibiwa na petroli, mafuta ya breki na sabuni za vioo vya nyumba zenye amonia. Akriliki hubaki angavu kwa muda mrefu, ila hupasuka kwa pigo kali. Kioo halisi cha dirisha hakifai kabisa kwenye pikipiki. Usafi ni maji mengi kwanza ili kuondoa vumbi, kisha sabuni laini na kitambaa cha pamba. Kitambaa kikavu juu ya vumbi kavu ni msasa.

Abiria apimwe peke yake. Mara nyingi huketi juu kuliko dereva na mbali zaidi na kioo, mahali ambapo visulisuli vimekwisha kukua, hivyo dereva anaweza kuwa ametulia kabisa wakati aliye nyuma yake anapigwa kichwani safari nzima. Kuwepo kwake pia hubadilisha hewa ya mbele, kwa kuwa mwili wake huziba njia ya hewa inayorudi mgongoni mwa dereva, na sanduku refu la nyuma hufanya vivyo hivyo. Kwa pikipiki inayosafiri na watu wawili, urefu na mwanya wa kioo huamuliwa wote wawili wakiwa wameketi na mizigo ikiwa mahali pake, na pale wanapopishana, kioo chenye mabano yanayosogezwa kwa mkono bila vifaa ndicho kinachofaa kununuliwa.